Kimpira chekundu kwenye simu ya baba

Finland iliingia Tumbi mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuja na mkataba, saruji na walimu. Mwaka 1963 Tanganyika na nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha mradi wa pamoja hapa Tumbi, Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Ikajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, kwa shabaha ileile iliyokuwa midomoni mwa kila mtu enzi hizo: kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Sekondari ya Kibaha ilifungua milango mwaka 1965, na mwaka uliofuata akaingia kijana kutoka Msoga aitwaye Jakaya Kikwete. Januari 1970 wageni walikabidhi kila kitu kwa serikali, mradi ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na kile kituo cha afya kikaendelea kukua hadi kuwa Hospitali ya Tumbi tunayoijua leo.

Mara ya pili hapakuwa na mkataba. Finland ilikuja ndani ya mfuko wa shati la baba, kwa umbo la simu ya Nokia, na ndani ya simu hiyo mlikuwa na kimpira chekundu kilichoruka ukibonyeza namba 2. Gemu lenyewe linaitwa Bounce. Kati ya ujio huu na ule wa kwanza hakuna uhusiano wowote zaidi ya nchi zilikotoka. Hata hivyo ujio wa kwanza una majengo na mafaili ya kuushuhudia, na huu wa pili hauna hata ukurasa mmoja, ilhali kwa watoto wengi waliokulia Tumbi na mitaa jirani ya Maili Moja na Picha ya Ndege miaka ya 2000, hilo ndilo gemu la kompyuta la kwanza kulishika mikononi mwao. Naandika kwa sababu naona limestahili kuandikiwa.

Magemu ya aina hii, ya kiumbe kimoja kinachokwenda, kuruka, kukwepa miiba na kutumbukia shimoni, yana nasaba yake. Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo ya Japani aliweka msingi mwaka 1981 kwa Donkey Kong, kisha akaujengea nyumba mwaka 1985 kwa Super Mario Bros. Lakini aliyeyafanya yaingie kiganjani ni mwenzake, Gunpei Yokoi. Huyu alikuwa mhandisi mwenye imani moja ambayo sisi wa nchi zenye uhaba tungepaswa kuisoma mashuleni: usikimbilie teknolojia mpya na ghali, chukua ile ya zamani, iliyoshuka bei na ambayo mafundi wameshaizoea, kisha uitafutie kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Aprili 1989 Nintendo ikatoa Game Boy ya kikosi chake. Kioo chake hakikuwa na rangi, kilikuwa na vivuli vinne tu, na mashine nzima ilikula betri nne ndogo. Washindani walipoleta vioo vya rangi, kama Sega na Game Gear yake ya mwaka 1990, zile rangi zilinyonya betri sita kwa saa chache. Game Boy ikawashinda wote kwa ubahili wake.

Pamoja na mashine hiyo lilitoka gemu la Super Mario Land. Miyamoto hakulishughulikia, lilitengenezwa na kikosi cha Yokoi, likiongozwa na Satoru Okada. Lina hatua 12 zilizogawanywa katika nchi nne za kubuni, moja yenye piramidi, nyingine ya bahari, ya tatu ya masanamu makubwa ya mawe na ya nne yenye sura ya China. Gemu lote, muziki wake mtamu wa Hirokazu Tanaka ukiwemo, linaenea katika kilobaiti 64, ukubwa ambao leo picha moja ya WhatsApp huuzidi. Nakala zaidi ya milioni 18 ziliuzwa duniani. Historia za magemu ya mkononi zinazoandikwa Marekani, Ulaya na Japani huanzia hapo.

Ya kwetu haiwezi kuanzia hapo. Mwaka 1974, baada ya Hazina kupata hasara na vurugu katika mitambo yake ya hesabu, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini pasipo kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa haba na zilikuwa na kazi nyingine. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara walingoja hadi miaka ya 1990. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo Game Boy ilipozaliwa, mtoto wa Tumbi alikuwa akicheza mdako, rede na kombolela, na jioni akipiga mpira wa matambara na kamba kwenye kiwanja cha vumbi. Hakuwa na upungufu wa michezo. Isipokuwa mashine ya kuchezea ilikuwa kitu cha mbali mno, na hata ingefika, betri zake nne zingegombaniwa na redio, na kila mmoja anajua redio ingeshinda.

Milango ilifunguka polepole wakati wa Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni za Mobitel na Tritel zikaanza kuuza huduma ya simu za mkononi kwa wenye uwezo. Kwa watu wa kawaida habari zilianza Agosti 2000, Vodacom ilipoingia, na Novemba 2001 ilipoanza Celtel. Minara ikasimama, vocha zikaanza kuuzwa dukani pamoja na chumvi na mafuta ya taa, watu wakajifunza kubipu. Simu ambazo watu walizitaka zilikuwa za Nokia, kampuni iliyoanza mwaka 1865 ikitengeneza malighafi ya karatasi huko Finland, ikapitia viatu vya mpira na nyaya, hadi mitambo yake ikabeba simu ya kwanza kabisa ya GSM duniani tarehe 1 Julai 1991.

Simu hizo zilikuja na magemu ndani bila mtu kuyaomba. Nyoka ndiye aliyetangulia. Taneli Armanto alimtengenezea Nokia 6110 ya mwaka 1997. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na Nyoka wa pili, vita vya angani vya Space Impact, na kitu kilichoitwa Bantumi, ambacho mzee yeyote wa Pwani angekitambua kuwa ni bao lililokatwa miguu: mashimo sita kila upande, badala ya bao letu la mashimo 32 na kete 64 lenye namua na mtaji. Bantumi linafaa kwa kupoteza muda kwenye daladala. Mwaka 2003 ikafuata Nokia 1100 yenye tochi, iliyouzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani na kutuachia neno kitochi, ambalo bado linatumika kwa simu yoyote ndogo ya vibonyezo.

Bounce lilihitaji simu iliyo juu kidogo ya kitochi. Lilikuja na simu za rangi za Nokia zilizotoka mwaka 2002, za 7210 na 6610, zenye kioo cha nukta 128 kwa 128 na uwezo wa kuendesha programu za Java. Pima kioo hicho na cha Game Boy, kilichokuwa na nukta 160 kwa 144: gemu letu lilibanwa katika dirisha dogo kuliko lile la miaka 13 nyuma. Na simu hizo za awali hazikupokea programu ya Java iliyozidi kilobaiti 64, kipimo kilekile cha Super Mario Land. Waliolitengeneza Bounce ndani ya Nokia walijikuta, bila shaka bila kukusudia, katika chumba kilekile chembamba alichokaa Yokoi, na walitoka humo na jibu zuri kama lake.

Tazama jinsi walivyofikiri. Hawakuwa na nafasi ya kuchora mtu mwenye kofia, sharubu na miguu inayokimbia, wakachagua mpira, umbo ambalo halihitaji miguu. Mpira ni mwekundu juu ya anga ya samawati na unaonekana hata kwenye jua la saa saba. Namba 4 inaupeleka kushoto, 6 kulia, 2 unaruka. Njiani pana pete. Kila pete lazima upite ndani yake, na mlango wa kutokea haufunguki mpaka pete zote ziishe. Miiba inapasua mpira. Hakuna adui mwenye jina, hakuna binti wa mfalme wa kuokolewa, hakuna neno la kusoma. Mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza aliangalia dakika moja begani kwa kaka yake na akawa ameelewa kila kitu.

Kisha linakuja wazo ambalo kwangu ndilo linaloliweka gemu hili katika safu moja na yale makubwa ya dunia. Mahali fulani ukutani kuna kifaa cha kuujaza mpira upepo na pengine cha kuupunguza. Mpira mdogo unapenya njia nyembamba na pete ndogo. Mpira mkubwa haupenyi, ila ukifika kwenye maji unaelea, ilhali mdogo unazama. Sasa mchezaji anasimama kwenye ukingo wa bwawa. Upande wa pili, juu, kuna pete kubwa inayofikika kwa kuelea tu. Chini, kwenye sakafu ya maji, kuna njia inayopitika na mpira mdogo peke yake, na ndani yake kuna pete nyingine. Inabidi aingie mdogo, azame, atambae chini, atoke, akajijaze, arudi akiwa mkubwa, na safari hii maji yaleyale yambebe. Bwawa ni lilelile. Kilichobadilika ni yeye. Super Mario Land, pamoja na ubora wake, halina pahali pamoja panapomfikirisha mchezaji namna hii, na miruko ya Mario katika lile toleo la kwanza la mkononi ni mikavu ukiilinganisha na mdundo wa mpira huu, ambao ukitua kwenye tofali la mpira unarushwa juu zaidi na zaidi mpaka uguse pete iliyokuwa ikikucheka.

Hatua zilikuwa 11. Kuzimaliza zote ilikuwa heshima ya mtaa.

Simu zenyewe zilifika Tumbi kwa njia ya vitu vyote vizuri: kwanza kwa wafanyakazi wa hospitali, wa Shirika na wa viwandani, wengine wakanunua zilizokwisha kutumika kutoka Kariakoo na kurudi nazo na daladala za Ubungo. Familia ilikuwa na simu moja, na simu ilikuwa ya baba. Hapa ndipo historia ya gemu hili inapoachana kabisa na ya Game Boy. Game Boy ilikuwa mali ya mtoto, imenunuliwa kwa ajili yake, na hakuna aliyempigia simu humo. Bounce lilichezwa kwenye chombo cha mtu mwingine, chenye kazi nyingine, chenye chaji ambayo si yako. Uliomba ruhusa. Ulichagua saa, baada ya chakula cha usiku, baba akiwa ameshiba na taarifa ya habari haijaanza. Ulipunguza sauti ili asikumbuke kuwa unayo. Na simu ikiita ukiwa katikati ya miiba, ulikimbia nayo uani kumpelekea, ukasimama palepale kando ya kiti ukisikiliza mazungumzo ya mahindi, ada au msiba, ukiomba moyoni yaishe haraka, kwa sababu menyu ilikuwa na neno la kukuruhusu uendelee pale ulipoachia.

Roho zilikuwa tatu, na roho tatu ndizo zilizopanga foleni. Ndugu wanne wenye simu moja hawakuhitaji saa: ukifa mara tatu unampa anayefuata. Kwa hiyo aliyekuwa hodari alichukiwa kidogo na kuheshimiwa sana, na wasiocheza hawakukaa kimya. Walielekeza, walionya, walipiga kelele kabla ya kila shimo. Wanaosema magemu ya simu yanawafanya watoto wajitenge wanazungumzia zama nyingine; pale uani kwenye mkeka, kioo kidogo namna ile kilikuwa na vichwa vitano juu yake. Zilikuwepo pia namba za siri, ambazo ukizibonyeza gemu likiendelea miiba haikudhuru tena. Zilisambaa shule hadi shule zikiwa zimeandikwa nyuma ya madaftari, na aliyekuwa nazo aliweza kuziuza kwa andazi.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya umeme na nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Chaji ikawa kitu cha kuhesabu. Vibanda vilivyokuwa na jenereta vilichaji simu kwa malipo, na mzazi aliyelipia chaji hakutaka kusikia habari za mpira. Naamini ile miezi ndiyo iliyomaliza utoto wa gemu hili katika nyumba nyingi, maana aliyekuwa na miaka kumi alijifunza kukaa bila simu, na umeme uliporudi alikuwa mkubwa mwenye mambo mengine.

Lakini muulize fundi simu yeyote wa miaka ile kuhusu namba 2. Kwenye simu ya mtu wa biashara, kibonyezo kilichochakaa mapema kilikuwa cha kijani, cha kupokea na kupiga. Kwenye simu ya nyumba yenye watoto, namba 2 ilifutika kwanza, ikafuatiwa na 6, kwa kuwa mpira huenda kulia zaidi kuliko kushoto. Fundi alifungua skrubu ndogo, akatoa kava, akainua karatasi nyembamba yenye vijisahani vya bati chini ya vibonyezo, akaifuta kwa pamba yenye spiriti. Kijisahani kikishabonyea hakirudi. Inabidi karatasi nzima ibadilishwe, na juu yake kava jipya la Kichina lenye namba zinazong'aa. Baba alilipa, akaapa kwamba hakuna tena mtoto atakayeishika simu ile. Kiapo kilidumu wiki moja, mbili zikizidi.

Mwaka 2008 Nokia ililipa gemu hili mwendelezo, Bounce Tales. Kazi hiyo haikufanyika ndani ya Nokia; ilipewa Rovio, kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 2003 na wanafunzi watatu wa Helsinki baada ya kushinda shindano la kutengeneza magemu ya simu. Sasa mpira ulikuwa na macho, nchi ilikuwa na vilima na mabonde, na ulishuka mteremko ukishika kasi kama mpira wa kweli. Gemu likaja ndani ya simu kama Nokia 2700 ya mwaka 2009, ambayo kijana wa Kibaha mwenye kazi yake ya kwanza aliweza kuimudu. Kwa uzuri wa macho Bounce Tales linashinda. Kwa akili, mimi nabaki na lile la kwanza, kwa ajili ya bwawa. Rovio wenyewe, wakiwa karibu kufilisika, walitoa Desemba 2009 gemu lao la 52, Angry Birds, lenye ndege mwekundu wa duara anayerushwa angani. Dunia nzima ikawajua. Mtoto wa Tumbi aliyecheza Bounce Tales alikuwa ameshaishika kazi ya mikono yao.

Nairobi nao hawakukaa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ndogo ya Planet Rackus ilitoa Ma3Racer, gemu la dereva wa matatu anayekwepa waenda kwa miguu, na likapakuliwa kupitia duka la Nokia katika nchi nyingi. Ilikuwa ishara kwamba simu ileile ingeweza kubeba barabara zetu. Bahati mbaya duka lenyewe lilikuwa linaelekea kufungwa. Simu za kugusa zilikuwa zimekwisha kuingia. Aprili 2014 Nokia ilikamilisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu, na majina yaliyobaki kwenye midomo ya vijana yakawa Tecno na Itel.

Leo Bounce linachezeka tena. Ipo programu ya Android iitwayo J2ME Loader inayoendesha magemu ya Java ya zamani, na ukiweka humo faili la gemu, kimpira kinatokea chenyewe, pamoja na picha ya vibonyezo iliyochorwa chini ya kioo. Kila kitu kiko mahali pake, pete, miiba, maji. Kidole gumba ndicho kinachopotea. Kwenye simu ya vibonyezo ulijua 2 iko wapi bila kutazama, kwa kugusa ukingo wake, na ulihisi kijisahani kikibonyea kabla mpira haujaruka. Kioo cha kugusa hakina ukingo. Kidole kinateleza, mpira unachelewa kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kukutia kwenye miiba ya hatua za mwisho, ambako nafasi ya kuruka ni finyu kuliko upana wa mpira wenyewe. Anayelicheza hivyo kwa mara ya kwanza atadhani gemu ni gumu kwa ukatili. Halikuwa hivyo. Lilikuwa gumu kwa haki, likiwa kwenye vibonyezo lililotengenezewa.

Ndiyo maana napendekeza simu zenyewe zitunzwe, na napendekeza mahali: Shirika la Elimu Kibaha, lenye maktaba na mizizi ya Nordiki palepale Tumbi. Nokia 6610 moja na 2700 moja, zenye magemu yake ndani, ziwekwe mezani ambapo mwanafunzi anaweza kuzishika, si kuzitazama tu kabatini. Ya 6610 itasumbua kwa upande wa betri, maana aina yake imeadimika. Ya 2700 ni rahisi: inatumia BL-5C, ileile inayowekwa kwenye viredio vidogo vya Kichina vya kuchomeka flashi, na kibanda chochote cha Maili Moja kinaiuza.